Mama wa Kilemba Anaangalia Wapi

Jumamosi iliyopita tulimwoza Lena, binti wa rafiki yangu Charmaine, katika ukumbi mmoja wa Queensburgh, hapa Durban. Chumba cha kumvishia bibi harusi kilijaa shangazi wa Sydenham, kila mmoja na pini mdomoni na amri yake. Vuta hapa, shusha pale, nani kakanyaga shela? Sahani ya sambusa ilikuwa inapitishwa juu ya gauni jeupe. Kila kitu kilikuwa tayari, bwana harusi alikuwa anatokwa jasho kule nje, lakini Lena alikaa kwenye kiti chake na kukataa kuinuka. "Hizi hereni sivai mpaka Aunty Spes azisome," alisema. Shangazi mmoja akanipima kwa macho kuanzia viatu mpaka kilemba, akauliza hereni zinasomwaje, kwani ni gazeti? Nikacheka. Nikatoa kwenye mkoba lenzi yangu ya sonara, ile ndogo ya kukunja, iliyochubuka pembeni, na kabla sijaifungua nilikuwa nimeshafika mbali, kwenye meza ya dirishani kule South Beach, mwaka ule nilipojifunza kutazama.

Jinsi nilivyotoka Bujumbura sitaeleza hapa. Kila Mrundi wa Durban anayo safari yake, na tukianza kuhadithiana hatutapika. Nianzie chumba cha Point, karibu na bandari, nilichokuwa nakaa na Furaha, mama wa Kikongo kutoka Uvira, msusi wa nywele aliyejua habari za kila mtu kwa sababu kichwa cha mtu kikiwa mikononi mwako mdomo wake nao ni wako. Mimi nilikuwa nauza pipi na sigara za mojamoja pale kwenye robot, taa za barabarani, na kusema kweli biashara ilinishinda. Nilikuwa kijana, nina njaa, na mdomo wangu ulikuwa mrefu kuliko mtaji. Jioni moja Furaha akaingia, akavua viatu, akasema: "Spes, kule South Beach iko bibi mmoja mzungu, mzee kabisa, anatafuta mtu wa kumusomea. Anataka mwenye anajua Kifaransa. Wewe si ulisoma Kifaransa mpaka ukachoka? Enda basi, uache kugombana na watu ya sigara." Nikamuuliza kusoma nini. "Mi nitajua? Labda Biblia. Wazungu wakizeeka wanaogopaka."

Haikuwa Biblia. Madame Lena alikuwa anakaa ghorofa ya juu ya jengo refu linalotazama bahari, katika nyumba iliyojaa makabati mazito mpaka unajiuliza yaliingiaje kwenye lifti. Alikuwa mdogo wa mwili, mgongo umenyooka, nywele nyeupe zimebanwa, na alinitazama kwa upande kama kuku anavyotazama punje. Baadaye ndipo nilipoelewa: macho yake yalikuwa yameharibika katikati. "Ninaona kingo za dunia," aliniambia kwa Kifaransa cha shule ya zamani, kitamu mno. "Katikati hakuna kitu." Alizaliwa Riga, enzi ambazo dhahabu ya Warusi ilikuwa imejaa masanduku ya kila mtu huko, na baba yake alikuwa sonara, aliyeihamishia familia huku Afrika Kusini. Hapa Durban yeye na marehemu mume wake walikuwa wanapima vito vya kale kwa watu. Mikono yake bado ilikuwa inajua kila kitu, ila macho yaligoma. Akanikalisha kwenye meza ya dirishani yenye kitambaa cheusi cha mahameli, akanipa pete na lenzi, akanionyesha namna ya kuibandika lenzi karibu na jicho na kuleta pete kwake badala ya kuinamia pete. Akasema, "Usinieleze unachofikiri. Nieleze unachoona."

Nilitazama mpaka machozi yakanitoka. Ndani ya pete kulikuwa na alama ndogo ajabu, ndogo kuliko kichwa cha kiberiti. "Naona mama," nilisema. "Amevaa kilemba. Anaangalia kushoto. Mbele yake iko namba, hamsini na sita." Madame akaangua kicheko mpaka akashika meza. "Kilemba! Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniambia amevaa kilemba!" Ilikuwa ni taji la kitambaa la wanawake wa Kirusi, lina jina lake refu, lakini kuanzia siku ile katika nyumba ile aliitwa Mama wa Kilemba, na mimi nikawa na kazi. Furaha nilipomweleza alinitazama kwa huruma. "Unalipwa kwa kuangaliaka mama ndani ya pete? Eish. Ukistaajabu ya Musa."

Basi tukaanza. Asubuhi nilikuwa nakuta chai imeshachemka. Aliinywa kwenye glasi, na kijiko cha jemu pembeni, si ndani ya chai bali mdomoni, ukinywa chai inapita juu ya jemu. Nilidhani ni wazimu mpaka nilipojaribu, na mpaka leo nakunywa hivyo nikiwa peke yangu. Mchana alipika supu ya bitiruti iliyochuja rangi kwenye kila sahani ya nyumba, na mimi nikamletea maharage ya Furaha yenye mawese, naye akaomba aongezewe. Katikati ya chakula alikuwa ananifundisha. Warusi wa zamani waligawa dhahabu mafungu tisini na sita, kwa hiyo ukiona hamsini na sita ujue ni dhahabu ya kawaida yao, nzuri, ngumu, ina wekundu kidogo. Mama wa Kilemba akiangalia kushoto, kitu ni cha zamani zaidi. Akiangalia kulia, ni cha miaka ya baadaye, karibu na mapinduzi yao. Ukikuta kichwa cha mfanyakazi ameshika nyundo, mfalme ameshaondoka. Ukikuta nyota, hao ni Wasovieti wa juzijuzi. Alikuwa anasema "juzijuzi" kwa mambo yaliyotokea kabla sijazaliwa.

Mawe ndiyo niliyoyapenda zaidi. Alinifundisha kuyapima kwanza kwa mdomo, kama baba yake alivyomfundisha akiwa mtoto: unaligusisha jiwe kwenye mdomo wa juu, nalo jiwe la kweli litabaki baridi, kioo kitapata joto upesi. Kisha lenzi. Ukiona viputo vya mviringo ndani, ni kioo. Ukiona mistari iliyopinda taratibu kama mifereji ya santuri, jiwe limepikwa kiwandani. Mara moja alikuja bwana mmoja na pete kubwa ya jiwe jekundu, akasema ni ya ukoo wa mfalme wa Urusi, bibi yake alikimbia nayo. Nikasoma: nyota, na ndani ya nyota nyundo na mundu. Jiwe lilikuwa na mistari iliyopinda kila upande. Madame akamwambia kwa upole kwamba ni pete nzuri, imara, jiwe la kiwandani lenye rangi ya furaha, na kwamba bibi yake bila shaka alikuwa mwanamke aliyependa kupendeza. Yule bwana akaondoka ameridhika kabisa. Alipofunga mlango Madame akasema, "Mfalme gani huyo mwenye nyundo?" Tukacheka mpaka chai ikapoa. Nilikuwa na furaha mwaka ule. Nalisema wazi kwa sababu watu wakisikia mkimbizi wanataka kilio, na mimi kilio ninacho, lakini ninacho pia kile chumba chenye jua la asubuhi na harufu ya nta na limau.

Hereni moja ilikuwa haiuzwi wala haipimwi. Nilikuwa naisafisha kila Ijumaa kwa brashi laini: jiwe la kijani lililoshikwa na kucha nane ndogo, limezungukwa na almasi ndogo zilizochongwa kwa mkono, na kwenye ndoano ya sikio Mama wa Kilemba anaangalia kushoto. Jiwe lilikuwa limetoka milima ya Urali. Ukilitazama kwa lenzi unaona ndani yake nyuzi nyembamba za dhahabu zimetawanyika kama mkia wa farasi, na Madame alisema mkia huo ndio cheti chake, hakuna kiwanda kinachoweza kuupika. Nilidhani hereni ya pili ilipotea. Mpaka siku moja, nikiwa jikoni namenya bitiruti, nikamsikia jirani yake wa ghorofa ya chini, bibi mwenzake wa kucheza karata, akimuuliza, "Lena, bado unamtafuta Nadia?" Madame akajibu, "Simtafuti. Namsubiri." Kisha zikasikika karata tu.

Nilivumilia mpaka jirani alipoondoka, lakini uvumilivu si kipaji changu. Nikauliza Nadia ni nani. Madame akanieleza bila kupamba. Nadia alikuwa mdogo wake, mchekeshaji, mkaidi. Alimpenda fundi seremala ambaye sheria za nchi hii za wakati ule zilimwita mtu wa rangi nyingine, na sheria ilikuwa haimruhusu kuolewa naye. Baba akafunga mlango. Mama yao akamtoa Nadia kwa mlango wa jikoni na kumpa hereni moja. Nyingine akampa Lena. "Mkipatana, mtaziweka pamoja," alisema. Nadia akaondoka, akabadilisha jina ili asikamatwe, na hakuna aliyemwona tena. "Mimi nilikuwa nimesimama palepale jikoni," Madame alisema, "na sikumfuata hata ngazini." Hakulia. Aliniomba nimalizie bitiruti. Lakini kuanzia siku ile nilijua yule bibi anasubiri nini hapo dirishani, na nilijua kwamba umri wake haumruhusu kusubiri sana.

Utasema nini, basi, kuhusu siku niliyoiona hereni ya pili? Nilikuwa na homa, nikaenda kliniki, na muuguzi aliyeniinamia kunipima joto alikuwa na mkufu shingoni, na kwenye mkufu inaning'inia hereni. Kijani. Kucha nane. Nilikaa kitako kitandani mpaka kipimajoto kikaanguka. Huyo ndiye Charmaine, wakati huo mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mcheshi, mwenye sauti ya kuamrisha. Akaniambia lala chini. Nikamwambia silali mpaka anieleze alikoipata. "Ya bibi yangu, marehemu. Alikuwa anaitwa Mary. Kwao hakuwahi kusema. Ukimuuliza anasema alizaliwa siku aliyoolewa." Anakaa wapi? Sydenham, kwenye nyumba ileile ya bibi. Sydenham! Taxi moja tu kutoka South Beach, na kutembea kidogo.

Nilipomweleza Madame, alikaa chini bila kutafuta kiti, bahati kilikuwepo. Nilidhani atasema twende sasa hivi. Hapana. Aliogopa. Alisema hereni za namna ile zilitengenezwa nyingi, hawezi kwenda kumgongea mtu mlango na ndoto ya kizee. Anataka kwanza alama. Lenzi ilikuwa moja tu, ya mume wake, nayo ilikuwa haitoki nyumbani kwa sababu yoyote, kwa hiyo akanipa kipande cha nta laini. Mume wake alikuwa anafanya hivyo mteja akikataa kuacha kitu chake: anabonyeza alama kwenye nta, anakuja kuisoma nyumbani kwa utulivu. Nikaenda Sydenham. Charmaine alinicheka, lakini akaniruhusu nibonyeze ile ndoano huku mkufu ukiwa bado shingoni mwake, maana alikuwa haivui, na akanipa sahani ya kari ya maharage nile kwanza. Nikarudi na nta yangu kwenye kopo la biskuti, nimelishika kifuani njia nzima. Kwenye meza ya dirishani nikatazama. Namba ilikuwa imelika kwa kusuguliwa miaka mingi, lakini kichwa kilikuwepo, wazi kabisa. "Unaona nini?" Madame aliuliza. "Mama wa Kilemba." "Anaangalia wapi?" Nikatazama tena na tena, kwa sababu nilitaka iwe vingine. "Kulia, Madame. Anaangalia kulia."

Madame alikunja mikono. Hereni pacha zilipigwa muhuri siku moja, mezani pamoja, haiwezekani moja ikaangalia kule na nyingine huku. "Basi ni ya mtu mwingine," alisema. "Asante, Spes. Ulisoma vizuri." Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Alikunywa chai bila jemu. Nilimkuta amekaa na ile hereni yake kiganjani bila kuitazama, na nilipompa pete ya mteja akasema kesho. Nami nilikuwa na hasira, na sikuwa hata na wa kumkasirikia. Yule mama niliyempenda mwaka mzima ndani ya dhahabu alikuwa ametugeuzia uso.

Jumapili baada ya kanisa Furaha alikuwa anasukuma chapati, na mimi nakata madonge, nanuna. "Wewe na ule mzee wako," alisema, "mtu angesema mumefiwa." Akadaka donge moja, akaling'oa mezani, na chini yake kulikuwa na sarafu ya randi moja iliyodondoka kutoka mfuko wa aproni yake. "Angalia, hata pesa inataka kuwa chapati." Kwenye unga swala wa ile sarafu alikuwa amejichora vizuri, miguu na pembe. Nikaishika sarafu. Nikalitazama donge. Swala wa sarafu alikuwa anaenda huku. Swala wa unga alikuwa anaenda kule. Nilipiga ukelele mpaka majirani wakagonga ukuta. "Amegeuka! Furaha, amegeuka!" "Nani?" "Mama wa Kilemba!" Nikatoka mbio na unga mpaka viwikoni, nikasikia Furaha nyuma yangu akimwambia Mungu, "Sasa njo amerukwa na akili kabisa."

Madame alinifungulia akiwa na gauni la nyumbani. Nilimshika mikono na unga wangu wote. "Madame, nta inageuza, kushoto inakuwa kulia! Uliponiuliza anaangalia wapi, mimi nilikusomea nta, sikukusomea dhahabu!" Akajipiga paji la uso. Mume wake alikuwa anageuza kichwani kabla ya kusema jibu, miaka yote, naye Madame hakuwahi kuiona nta hata mara moja, alisikia jibu tu. Yeye alidhani mimi nimegeuza. Mimi sikujua kwamba kuna cha kugeuza. Mmoja ana macho hana ujuzi, mwingine ana ujuzi hana macho, na katikati yetu tulikaribia kumpoteza mtu mara ya pili. Akaanza kucheka, na kicheko kikawa kilio, na safari hii hakuniambia nimalizie bitiruti.

Charmaine alikuja siku yake ya mapumziko. Madame alikuwa amepaka rangi ya mdomo, imepinda kidogo kwa sababu ya yale macho, nami sikumwambia. Charmaine akavua mkufu, akauweka juu ya mahameli. Nikachukua lenzi. "Kushoto," nilisema. "Mkia wa farasi upo." Madame akanyoosha mkono, akaipapasa hereni, ukucha kwa ukucha, kisha akaiinua na kuigusisha kwenye mdomo wake wa juu. Akaiacha hapo, muda mrefu kuliko jiwe lolote tulilowahi kupima. Charmaine alikuwa amesimama, lakini hapo akakaa. "Bibi alikuwa anafanya hivyohivyo," alisema. "Kila asubuhi kabla ya kuivaa. Sisi tulidhani anaibusu." Madame akaishusha ile hereni. "Alikuwa anapima," alisema. "Baba alitufundisha sote wawili." Akampapasa Charmaine usoni kama alivyopapasa dhahabu, paji, pua, kidevu, na alipofika kwenye kidevu akasema jina la Nadia, na Charmaine, ambaye alikuwa hajawahi kulisikia jina hilo, akaitika.

Waswahili husema milima haikutani lakini binadamu hukutana. Wale dada hawakukutana, hilo siwezi kulirembesha. Nadia alikuwa amelala makaburini na Lena alichelewa. Lakini Madame alipata miaka ya Jumapili Sydenham, akipelekwa na kurudishwa, akigombana na shangazi wa kule kuhusu chumvi kwenye kari. Charmaine alipojifungua binti alimpa jina la Lena, na Madame akambeba mtoto huyo akiwa na kingo tu za macho yake. Alipofariki hereni zote mbili zilikwenda Sydenham, na lenzi ikaja kwangu. Ndiyo iliyonilisha. Nina meza yangu sasa, iko dirishani, na wateja huniletea dhahabu za bibi zao kutoka kila upande, na wachache sana kati yao wanakuja na kitu cha mfalme.

Basi tumrudie bibi harusi wetu, amekaa, shangazi wamenyamaza, sambusa zimesimama. Niliibandika lenzi karibu na jicho, nikaleta hereni, na nikaona ukungu. Nimeshaanza kuhitaji taa kali zaidi na miwani yenye nguvu zaidi. Sikusikitika hata kidogo. Nikampa Lena lenzi, nikamwonyesha namna ya kushika. "Usinieleze unachofikiri," nilimwambia. "Nieleze unachoona." Akatazama, jicho moja limefumbwa, ulimi nje kidogo. "Namwona mama wa kilemba, Aunty." "Anaangalia wapi?" "Kushoto." "Na huyo mwingine?" Akachukua hereni ya pili. Chumba kizima kikamsubiri. "Kushoto," alisema. Kisha, kabla ya kuzivaa, akazigusisha mdomoni, ya kwanza, halafu ya pili, taratibu, akaharibu rangi ya mdomo iliyowachukua shangazi asubuhi nzima. "We mtoto!" mmoja akapiga kelele. "Sasa unabusu hereni, na bwana harusi anangoja nje?"

"Sibusu, Aunty," Lena alisema. "Napima."